Vishimo Kumi na Kimoja

Joy alifika kituoni kabla hata ya mfagiaji. Aliweka termosi juu ya meza ya Inspekta Severino, akatoa kikombe cha bati kwenye mfuko wa plastiki, akamimina chai ya maziwa mpaka pomoni. Ilikuwa siku ya sita. Jumamosi kaka yake, Isaac, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka ishirini na minne, alipita na baiskeli juu ya bomu lililotegwa ardhini tangu vita vya zamani, kwenye mteremko wa Jebel Kujur, akakata roho kabla ya kufikishwa barabarani. Tangu Jumapili dada mtu alileta chai kila asubuhi. Alishaona jinsi mafaili ya watu wasioleta chai yanavyolala kabatini.

"Umeamkaje, afande?"

"Salama, dada yangu. Na wewe?"

"Mimi ni hivyo tu." Alimtazama viatu. "Bado uko na simiti. Nyumba imefika wapi?"

"Lenta. Yamebaki mabati."

"Hongera. Mtu akijenga Juba mwaka huu lazima apongezwe. Wengine wanabomolewa." Akasukuma kikombe kwake. "Mungu akupe umalize."

Severino alishukuru. Hakuna mtu anayejenga ambaye hapendi kuambiwa hongera, na yeye alikuwa amejenga miezi minne, mmoja wao huku risasi zikilia mtaa wa pili.

"Huyo Mganda anaenda jela leo?" Joy aliuliza.

"Saa tisa, mkuu asipobadili."

"Asibadili. Si yeye ndiye alikuwa anapaka mawe rangi huko juu? Si yeye alimwonyesha Isaac njia?"

Hilo ndilo lilikuwa kosa lililoandikwa kwenye faili. Mkuu wa kituo, Kuol, alipenda faili jembamba: mgeni, kopo la rangi nyeupe, maiti. Alimpa Severino mpaka saa tisa alasiri kuongeza chochote cha kushika, kwa sauti ya mtu asiyetarajia chochote. Na Februari ile, miezi miwili tu baada ya vita kulipuka upya, mgeni akiingia gerezani bila mtu wa kumfuatilia, hakuna aliyejua angetoka lini.

Fulgensio aliletwa na askari mmoja. Alikuwa Mganda wa Kabale, mwembamba, magoti yamejaa makovu ya zamani, mikono imekomaa kwa kushika usukani. Severino alifungua daftari lililokutwa kwenye mkoba wake. Alitegemea kuona majina ya wateja, akakuta milima.

Kabla ya Juba, Fulgensio alikaa miaka sita Usambara, ile milima iliyo nyuma ya Tanga. Aliwapeleka wageni kwa baiskeli kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba mpaka Mtae, na wengine akawateremsha kutoka Amani hadi Muheza, mahali ambapo mwili huanza kutoka jasho la pwani. Kila njia aliichora: mwinuko, mawe yanayoteleza, kisima, mahali pa kushuka na kusukuma. Uhuru wa Sudani Kusini ulipokuja, wageni wenye baiskeli za gia ishirini na moja walimiminika Juba, naye akawafuata. Alipouona Jebel alisema unafaa. Isaac ndiye aliyeamini zaidi yake. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba siku moja watu watatoka mbali kuja kupanda Jebel kama wanavyokwenda Usambara.

"Jumamosi ulikuwa wapi?" Severino aliuliza.

"Nyuma, afande. Mgeni alikatikiwa na mnyororo. Isaac akasema yeye anatangulia."

"Kanuni yenu inasemaje?"

"Kiongozi ndiye anatangulia."

"Kiongozi ni nani?"

"Ni mimi." Fulgensio aliangalia sakafu. "Nilimwacha tu aende."

Severino alifungua ukurasa wa mwisho. Jebel ulichorwa vizuri kuliko ramani yoyote ya kituoni. Upande wa kushoto wa njia palikuwa na vijiduara kumi na viwili katika mstari mmoja, na chini yake neno moja: Oktoba.

"Hivi ni nini?"

"Mawe ya wategua mabomu. Upande unaotazama hatari wamepaka nyekundu, upande wa usalama nyeupe. Niliyahesabu mara tatu. Njia siichori kabla sijaipita kwa miguu mara tatu."

"Na Jumamosi yalikuwepo?"

"Sikuyaona."

"Hukuyaona, au hukuyaangalia?"

"Tangu Desemba tulikuwa hatujapanda. Ilikuwa ni mara ya kwanza. Nilitakiwa kwenda kwa miguu siku moja kabla. Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Wageni waliobaki Juba walikuwa wanne tu. Niliona nikichelewa wiki moja, na hao wataondoka." Alijifuta uso kwa bega. "Naona haya kusema hivyo, afande, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Severino alifunga daftari. Mtu anayetaka kujiokoa hajitii kitanzi mara mbili kwa dakika tano. Aliagiza pikapu, mtuhumiwa, na baiskeli ya mtuhumiwa kutoka chumba cha vielelezo.

*

Walipofika juu ya mteremko, jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Severino alishika baiskeli akaikagua kama mtu anayenunua mbuzi.

"Afande, unaiweza?"

"Nilibeba mihogo kwa baiskeli huko Moyo, Uganda, wakati wewe unanyonya."

Walikuwa karibu rika moja, lakini Fulgensio hakubisha. "Basi, kitu kimoja. Usiangalie jiwe unaloliogopa. Gurudumu hufuata macho. Angalia mahali unapotaka kwenda."

Severino alijikaza kisabuni, akateremka. Askari aliyekuwa na Fulgensio alicheka, halafu akakohoa kuficha kicheko. Mawe madogo yaliruka. Mikono ilitetemeka mpaka mabegani. Njia ilikuwa nyembamba, imechongwa vizuri kwenye kona, na kila baada ya hatua kumi jiwe lenye nukta nyeupe ya Fulgensio lilionyesha pa kupita. Kisha njia ikagawanyika. Kulia, ile nyembamba yenye nukta nyeupe. Kushoto, njia pana, bapa, tulivu. Severino alitaka kwenda kulia. Macho yake yakapenda kushoto, na kabla hajajua, gurudumu lilishakata huko. Alibana breki zote mbili, akaanguka mbele ya utepe mpya ambao wategua mabomu walikuwa wamefunga Jumapili.

Alikaa pale chini akijipangusa kiwiko. Hakuna mtu aliyemwonyesha Isaac njia mbaya. Isaac aliona barabara, naye akaifuata kama ambavyo yeye mwenyewe ameifuata sasa hivi.

"Hii njia pana uliichora?" alimuuliza Fulgensio alipofika kwa miguu.

"Haikuwepo, afande. Oktoba hapa palikuwa na nyasi."

Severino alipiga goti. Alama za matairi, mapacha kila upande, zilikuwa zimezama ardhini na kukauka ngumu mithili ya tofali. Gari zito. Na lilipita kwenye tope, maana ardhi kavu haiwezi kupokea alama ya kina hivyo. Mvua ya mwisho ilinyesha Novemba. Kwa hiyo gari lilipita baada ya Fulgensio kuchora ramani na kabla ya vita. Alama zilikwenda mpaka karibu na utepe, zikageuka, zikarudi zilikotoka.

Wategua mabomu walikuwa wamesafisha ujia mwembamba wa kutembea na kuuwekea vijiti pande zote. Severino aliufuata polepole. Mahali gari lilipogeukia palikuwa na vishimo vilivyopangwa katika mstari, kila hatua mbili kimoja, kila kimoja kina umbo la kitako cha jiwe. Alivihesabu. Kumi na kimoja. Mwisho wa mstari jiwe moja lilikuwa bado limebaki, limezama sana, pengine lilikuwa gumu kung'oa. Upande uliomtazama ulikuwa mweupe. Aliinama akachungulia nyuma yake, pale Isaac alipopitia.

Nyekundu.

Aliinuka haraka mno, akayumba. Rangi ile alishaiona. Haikuwa hapa. Aliiona katikati ya Novemba, kwenye kiwanja chake Munuki, siku fundi wake Arthur alipomwita kutoka shimo la msingi akasema, "Boss, hii jiwe iko na rangi." Severino aliliangalia jiwe. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekaa kutwa nzima kwenye mafunzo ya polisi kuhusu mabomu, na mkufunzi alishika jiwe la namna hiyohiyo. Aliliangalia jiwe, akaangalia mawingu yaliyokuwa yakija, akasema, "Geuza rangi iingie ndani." Hakuuliza mawe yametoka wapi.

"Umeumia, afande?" Fulgensio aliuliza.

"Hapana."

Alijiambia kwamba Juba imejaa rangi nyekundu. Mageti mekundu, mapipa mekundu, matipa mangapi yanabeba mawe. Alijiambia hayo mpaka walipofika chini, na kila alipojiambia, masikio yaliwaka kwa aibu.

*

Chini ya mlima wanawake walikaa kwenye vivuli vya turubai wakiponda kokoto kwa nyundo. Mkubwa wao alikuwa Awut, mama wa makamo mwenye vidole vilivyofungwa vipande vya mpira wa tairi. Severino alichuchumaa mbele yake. Aliuliza akiomba moyoni jibu liwe lingine.

"Mama, yale mawe ya juu, ya mstari. Nani aliyachukua?"

Nyundo ilisimama. "Yalichukuliwa na tipa."

"Ya nani?"

"Fred. Mganda wa Sherikat, pale darajani." Alisita. "Sisi tulisaidia kung'oa na kubeba. Alikuwa na haraka, alitaka mawe kubwa ya msingi, yote saizi moja. Yale ilikuwa tayari imepangwa."

"Hamkuona rangi?"

"Tuliona nyeupe. Hawa watu wa baiskeli wanapaka mawe nyeupe kila mahali, huku, huku, mpaka juu. Tukasema ni mchezo wa kawaja, hawa wazungu." Aliangalia wenzake, wakainamisha vichwa. "Tulipogeuza tukaona nyekundu. Lakini kalas, basi, ilikuwa imeingia ndani ya gari. Fred akasema rangi ni rangi. Mimi hapana soma, mimi hapana jua maana yake."

"Hukumwambia mtu?"

"Nani? Baada ya mwezi tu vita." Awut alivuta kitambaa cha kichwani akafunika macho. "Malesh, ya ibni, samahani mwanangu. Huyo ustaz, huyo mwalimu, alikuwa anatusalimia kila Jumamosi. Wengine wanapita tu na vumbi. Yeye anasimama, anasalimia. Tangu amekufa mimi naogopa hata kutaja mawe."

Nyuma ya Severino, Fulgensio alikuwa ameketi juu ya rundo la kokoto bila kuomba ruhusa.

"Ni rangi yangu," alisema. "Kabla sijaja, hapa mtu akiona jiwe limepakwa anaogopa. Mimi ndiye niliwazoesha. Usambara mawe meupe hayamdhuru mtu, nikadhani mlima ni mlima."

Severino alitaka kumwambia hayuko peke yake. Badala yake aliandika maelezo ya Awut, akamsomea, akachukua alama ya kidole chake. Wanawake wale waliiona rangi nyekundu bila kujua maana yake. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeiona akaijua.

*

Fred alikuwa akiosha tipa yake ya bluu karibu na daraja, miguu peku, suruali imekunjwa. Severino alimwacha Fulgensio kwenye pikapu pamoja na askari, akaenda peke yake. Hilo nalo alilifanya kwa makusudi, na alijua.

"Novemba ulichukua mawe Jebel, yenye rangi."

"Afande wangu!" Fred alicheka. "Sasa unanipima?"

"Ulimwaga wapi?"

"Si kwako? Munuki. Wewe ulisema Fred, leta haraka, mvua isinikute na shimo. Mimi nikatafuta mahali mawe iko tayari. Umesahau?"

"Yote?"

"Yote. Tripu moja tu." Fred alimwona uso, akaona na daftari lililo wazi, kicheko kikaisha. Alifunga bomba. "Hii ni mambo ya yule mwalimu."

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Alikaa kwenye ngazi ya tipa. Kisha Fred akasogea, akapunguza sauti. "Afande, mimi hapana taka kukuharibia. Andika Gudele. Kuna mtu wa Gudele nilikuwa napelekea mchanga, alikimbia Desemba, nyumba yake iliungua yote. Nani ataenda kuuliza? Mimi nitasema niliiba, nitajua mwenyewe."

Severino aliinamia daftari. Aliandika: Mawe hayo niliyapeleka Gudele kwa mtu nisiyejua aliko sasa. Sentensi ilikaa vizuri kabisa kwenye mstari. Miaka kumi na tatu ya kazi ilimfundisha sentensi ya uongo inavyofanana, na hii ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuzichana za wengine. Fred alitia kidole kwenye wino, akabonyeza.

Kwenye pikapu Fulgensio alimsubiri akiwa ameegemea mbele.

"Amekubali?"

"Amekubali kuchukua."

"Amepeleka wapi?"

"Gudele."

"Basi twende, afande! Tukipata hata moja tu. Mkuu wako alisema hataki maneno ya Waganda, anataka kitu cha kushika."

"Nyumba iliungua. Mwenyewe alikimbia."

Fulgensio alirudi nyuma polepole. Aliangalia mto, aliangalia tipa, aliangalia pingu zake. "Basi naenda jela," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Hata hivyo asante, afande. Umepanda mwenyewe mpaka ukaanguka. Mwingine asingepanda."

Severino aliangalia mbele. Alikuwa amewahi kupigwa, kutukanwa na kutemewa mate kazini. Hakuna lililowahi kumchoma kama asante ile. Saa yake ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi.

"Pitia Munuki," alimwambia dereva.

*

Arthur, fundi wake, alikuwa juu ya jukwaa akipigilia mbao za lenta. Mke wa Severino, Santina, alikuwa uani akichagua dengu kwenye sinia. Severino alipita katikati yao bila salamu, akachukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akapima hatua kutoka pembe ya chumba cha kulala. Akaanza kupiga msingi chini ya dirisha.

"Boss! Huo ukuta ni mbichi bado!"

"Shuka unisaidie. Yale mawe ya rangi uliyaweka wapi?"

Arthur alishuka polepole, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. "Hapo hapo. Yote upande huu. Ulisema ndani."

"Nakumbuka nilichosema."

Santina alisimama na sinia lake mkononi. "Severino, umeingiwa na nini?"

"Haya mawe yalikuwa alama ya mabomu, kule Jebel. Yalipoondolewa, yule mwalimu akapita."

"Nani aliyaondoa?"

"Fred. Kwa ajili yangu."

Alimtazama mume wake kwa muda mrefu. Alikuwa amehesabu na yeye kila tofali la nyumba ile, amelala na watoto chini ya turubai ndani ya kuta zake Desemba nzima. "Na wewe ulijua?"

"Nililiona la kwanza. Nilijua rangi."

Santina aliweka sinia chini, akaingia ndani kutoa godoro la watoto lililokuwa chini ya dirisha lile.

Jiwe lilitoka baada ya robo saa, na ufa ukapanda mpaka kwenye kona ya dirisha. Lilikuwa kubwa kiasi cha sufuria ya wali wa watu kumi. Arthur alikwangua simiti kwa mwiko. Upande mmoja mweupe, upande mwingine mwekundu, rangi bado mbichi machoni kwa vile haikuonana na jua tangu Novemba. Majirani wawili walichungulia juu ya uzio wa nyasi. Severino aliwaacha wachungulie.

Kwenye pikapu, Fulgensio alikuwa ameona kila kitu. Severino alipofika na jiwe hakumwangalia. Fulgensio alishuka, akainua upande wa pili kwa mikono yake yenye pingu, wakalipandisha pamoja.

"Hayakwenda Gudele," Severino alisema.

"Naona, afande."

Njia nzima hadi kituoni hakumwambia tena asante.

*

Saa tisa kasoro dakika tano Kuol, mkuu wa kituo, alikuwa mlangoni na karatasi ya kumhamisha mtuhumiwa. Joy alikuwa kwenye benchi la ukutani. Alikuja kumshuhudia Mganda akiondoka. Kikombe chake cha bati kilikuwa bado mezani kwa Severino, chai ya asubuhi imeganda utando juu, maana inspekta aliondoka haraka bila kuinywa.

Severino aliweka jiwe mezani karibu na kikombe. Meza ililia.

"Hiki ndicho cha kushika," alisema.

Alieleza yote akiwa amesimama: ramani ya Oktoba, matairi yaliyokaukia kwenye tope la Novemba, vishimo kumi na kimoja na jiwe moja lililobaki, Awut, Fred. Kisha mbele yao akachana ukurasa uliokuwa na neno Gudele, akautia mfukoni mwa faili uonekane umechanwa.

"Fulgensio alizembea," alimalizia. "Alimwacha Isaac atangulie na hakuikagua njia. Hilo limeandikwa, naye amekubali. Lakini hakumtuma mtu kwenye bomu."

Kuol alizungusha jiwe kwa kidole, nyeupe, nyekundu. "Hili umelitoa wapi?"

"Munuki."

"Munuki kwa nani?"

Severino aliketi, akavuta karatasi mpya. Juu aliandika tarehe. Mahali pa jina la shahidi aliandika jina lake kamili, na cheo chake, na namba yake ya kazi. Alimgeuzia Kuol karatasi asome. Kuol alisoma, akavua miwani, akafunga mlango wa nje kwa kisigino watu wa barazani wasisikie.

"Unajua hii itakufikisha wapi?"

"Najua, mkuu."

"Jiwe moja tu. Ungeweza kuliokota popote ukaniletea. Mimi nisingeuliza sana."

"Yamebaki kumi ukutani."

Kuol alitikisa kichwa, akachukua karatasi ya kumhamisha mtuhumiwa akaikunja mara mbili. Alimwambia askari amfungue Fulgensio pingu. Fulgensio alisugua vifundo vya mikono. Hakuondoka. Alisimama pale akilitazama jiwe kama ndugu wa marehemu.

Joy alikuwa ameshasimama. Alisogea mpaka mezani. Aligusa upande mwekundu, akaangalia vumbi la simiti kwenye ncha ya kidole chake, halafu akaangalia viatu vya Severino.

"Ni ile ya lenta?"

"Ndiyo."

"Ile nilikuwa nakuuliza kila asubuhi?"

"Ndiyo, Joy." Severino alijilazimisha kumtazama usoni. "Nililiona jiwe nikajua. Sikuuliza limetoka wapi kwa sababu sikutaka kujua. Sina kingine cha kukwambia. Naona aibu mbele yako na mbele ya kaka yako."

Alingoja amtukane. Angepokea kofi kwa shukrani. Nje bodaboda ilipita, ikapiga honi, ikaenda zake.

"Leo asubuhi," Joy alisema taratibu, "mimi nilikuambia hongera."

Alichukua kikombe mezani, akafungua mlango na kumwaga chai ile barazani, akakifuta kwa kanga yake ndani na nje, akakirudisha kwenye mfuko pamoja na termosi. Kisha akamgeukia Fulgensio na kumuuliza kama anajua mahali pa kupata rangi nyekundu ya kupaka mawe ya Jebel.